Mgeni Asiyepewa Jembe

Tarehe 19 Februari 1862, mvua ikinyesha, msafara wa mvumbuzi John Hanning Speke ulipanda kilima cha Banda, karibu na pale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo wanaposubiri matatu leo, kando ya Barabara ya Jinja. Juu palikuwa na makao ya Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda: nyumba kubwa za nyasi, njia pana zilizofagiwa, ua ndani ya ua. Mwingereza huyo alitaka apewe nyumba ndani ya uzio wa mfalme. Akapelekwa kwenye vibanda vichafu vya pembeni na kuambiwa kwamba hivyo ndivyo vilivyojengwa kwa ajili ya wageni wa Kabaka. Waarabu wakija hulala humo, naye atalala humo. Na kuhusu kumwona mfalme, mvua inanyesha. Apumzike kwanza.

Alipumzika siku 138.

Watu wa pwani wana msemo wao kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye vilima ambavyo baadaye viliitwa Kampala jembe hilo halikutolewa. Mgeni wa Kabaka alikaa wiki, akakaa miezi, akaletewa ndizi, mbuzi na pombe, na hakuna aliyemwuliza anaondoka lini, kwa sababu kuondoka hakukuwa shauri lake. Ruhusa ya kufunga mizigo ilitoka kwa mfalme peke yake.

Speke hakuwa mgeni wa kwanza kulala kwa Kabaka. Mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani anayejulikana kwa jina kufika Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, aliyeingia mwaka 1844 katika utawala wa Kabaka Suna II. Njia aliyoifuata ilikuja kuwa barabara kuu ya misafara: kutoka pwani hadi Unyanyembe, ilipo Tabora, kisha kaskazini hadi Karagwe, kisha kuvuka Kagera.

Mwendo wa njia hiyo ulikuwa na saa zake. Msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla jua halijafika utosini. Mpagazi alibeba hadi frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, juu ya posho yake na mkeka wake. Palipokosekana maji ndipo kiongozi alipotangaza terekeza, yaani mwendo wa pili wa alasiri, na neno hilo lilipokewa kwa manung'uniko kambi nzima. Watu waliozoea maisha hayo walijua vizuri siku ya kutokwenda popote ina thamani gani. Ni siku ya kutoa miiba, kuponya mabega, kufua shuka, kulala mchana.

Walipofika kwa Kabaka, siku hiyo iligeuka msimu mzima. Sababu ilikuwa ya kisiasa. Msafara ulibeba nguo za merikani na kaniki, shanga, na juu ya yote bunduki na baruti. Ulirudi na pembe za ndovu na, lazima isemwe waziwazi, na watumwa. Mutesa alitaka mali hiyo iishie kwake. Kaskazini alikuwako hasimu wake, Kamurasi wa Bunyoro, na kila mgeni aliyepewa ruhusa ya kupita angeweza kuwa mzigo wa bunduki kwa adui. Njia rahisi ya kumzuia mgeni bila kumfunga kamba ni kumkirimu.

Speke alijaribu kuukataa utaratibu huo tangu siku ya pili. Alipowekwa nje juani asubiri kuitwa, alingoja dakika chache tu, akageuka na kurudi kibandani. Watu wa Kabaka walimkimbilia kumsihi. Alirudi, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe ilhali wengine walikaa chini, na kwa muda mrefu yeye na Mutesa walitazamana bila neno. Maneno yenyewe yalikuwa na safari ndefu: Speke alisema Kihindustani, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa India, akakigeuza kuwa Kiswahili, na mwingine akakitia katika Luganda. Bila Kiswahili, wawili hao wangebaki wanatazamana.

Baada ya hapo siku zilifuatana. Alikwenda na Mutesa kupiga ndege bunduki. Alimzuru Namasole, mama mfalme, akampa dawa na kunywa naye pombe ya ndizi. Aprili waliteremka ziwani na kukaa siku kadhaa wakizunguka kwa mitumbwi. Anayesoma kumbukumbu hizo akaishia kwenye mitumbwi atakuwa amesoma nusu. Katika siku hizohizo Speke aliona wanawake wa nyumba ya mfalme wakiburutwa kwenda kuuawa kwa makosa madogo, akipita mbele yao akiwa mgeni aliyeshiba.

Na shibe hiyo ilikuwa na mlipaji. Ilikuwa desturi kwamba mgeni wa Kabaka akipita, wenyeji humwachia nyumba zao na mashamba yao, na watu wa msafara wakajichukulia. Mgomba hauzai kwa amri. Kuna mwanamke aliyeupalilia, akaukata majani, akautegemeza usianguke. Msafara wa watu wengi ukikaa karibu na kijiji kwa miezi minne, shamba lake ndilo linaloliwa. Historia imehifadhi majina ya waliolala vibandani. Ya waliowalisha haikuyahifadhi, na hilo ni pengo kubwa katika habari yote hii.

Hata hivyo, katika siku hizo za kukaa bure ndimo yalimofanyika mambo yaliyodumu kuliko biashara. Mfanyabiashara aliyenyimwa ruhusa ya kuondoka hana la kufanya ila kuzungumza. Inasimuliwa kwamba Ahmed bin Ibrahim, katika moja ya vikao hivyo, alimwambia Suna kuwa watu anaowaua ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa ufalme. Suna hakumwadhibu, alitaka kusikia zaidi. Mwanawe Mutesa alijifunza kuzungumza Kiswahili na kuandika kwa hati za Kiarabu, na kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa karibu miaka kumi. Vijana wa ikulu walijifunza pamoja naye, na wengine wakaishika imani kwa uthabiti kumpita yeye. Mwaka 1876 zaidi ya 70 kati yao waliuawa kwa amri yake, baada ya kukataa kula nyama ya machinjo yake.

Lugha nayo ilishusha mizigo. Mganda leo akitaja ekitabo, ssabbuuni, emmeeza au ssaawa, Mswahili haulizi maana. Lililo zito zaidi ni okusoma. Katika Luganda neno hilo lilibeba maana mbili kwa pamoja, kusoma na kusali, maana waliofundisha moja ndio waliofundisha nyingine. Waumini wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, wakiwa Waislamu au Wakristo.

Kufikia mwaka 1877, wamisionari wa Kianglikana walipoanza kuwasili, wageni walikuwa na mtaa wao hasa: Nateete, magharibi ya vilima vya mfalme, upande inakoingilia njia ya Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani walikaa huko, na wamisionari nao wakapangiwa huko. Ni Kabaka aliyewachagulia pa kulala, kama baba yake alivyofanya.

Wafalme nao walikuwa na mapumziko yao. Mwanga, mwana wa Mutesa, alipenda maji kuliko kilima, na alikuwa na makao Munyonyo, ufukweni. Kati ya mwaka 1885 na 1888 aliamuru lichimbwe ziwa karibu na Mengo, akinuia kulifungulia mfereji hadi ziwa kuu. Machifu na raia walichimba kwa lazima, na chuki iliyozaliwa kwenye matope hayo ilichangia kumwangusha mwaka uleule wa 1888. Mfereji haukukamilika. Ziwa lipo hadi leo, limezungukwa na nyumba, nalo linaitwa Ziwa la Kabaka.

Desturi ya mgeni kupangiwa pa kulala ilivunjwa Desemba 1890. Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki alivuka Nile bila kungoja ruhusa ya Mwanga, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake, akaingia mji mkuu, akaangalia vilima na kujichagulia kimoja. Kilikuwa kilima cha swala, kasozi k'empala. Hapo akajenga ngome, na jiji zima limechukua jina la kambi hiyo. Ukiwa unatafuta siku ambayo mgeni aliacha kuwa mgeni Buganda, ni hiyo.

Kilichofuata kilikwenda upesi. Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa huko Kisumu Desemba 1901, na meli zikawavusha abiria. Mwaka 1931 treni iliingia Kampala yenyewe. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na mapumziko yakawa kitu cha kununua usiku kwa usiku. Moja ya hoteli kongwe za jiji, iliyojengwa miaka ya 1920, inaitwa kwa jina la Speke, na hoteli kubwa iliyoko Munyonyo, ambako wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana mwaka 2007, inalo jina hilohilo. Aliyelalamikia vibanda vichafu vya wageni ndiye aliyepewa milango ya hoteli.

Mutesa alipompa Speke ruhusa hatimaye, tarehe 7 Julai 1862, alimfungia zawadi: ng'ombe 60, mbuzi 14, siagi, kahawa, tumbaku na mbugu 100, kila moja kitambaa cha gome la mti wa mutuba kilichopigwa kwa nyundo hadi kikalainika.

Mabasi kutoka Bukoba, yakishavuka mpaka Mutukula na kupita Masaka, bado yanaingia Kampala kwa upande ule wa magharibi. Abiria waliokaa saa nyingi huanza kunyoosha miguu na kushusha mabegi wanapoona mabanda ya Nateete na bodaboda zilizojipanga kando ya barabara. Dereva hupunguza mwendo kwa sababu ya foleni, kisha huendelea hadi kituoni.