Rambo Aligeuzwa Abiria

Wasee, hakuna adui amewahi kumwaibisha Rambo kama gemu yake mwenyewe. Rambo: The Video Game ilitoka Februari 2014, kazi ya kampuni ya Teyon kutoka Poland, ikibeba filamu tatu: ya 1982, ya 1985 na ya 1988. Stering anayejulikana kwa kunyemelea msituni peke yake, na kwenye gemu huwezi hata kutembea! Inakubeba tu kama matatu ya Thika Road. Wewe ni kulenga na kufyatua.

Sauti za Stallone nazo zilikatwa kutoka kwa filamu zenyewe zikabandikwa. Hapo ndipo huniuma. DJ Afro pia huchukua filamu za wenyewe, lakini anaweka sauti yake juu, anamtania adui kwa Kiswahili cha mtaa, na unarudia kibandani kuona muvi unayoijua hadi mwisho.

Teyon hao hao walitoa RoboCop: Rogue City 2023. Safari hii unatembea mtaani, unaongea na watu, hata unapiga faini magari yaliyoegeshwa vibaya. Na Peter Weller mwenyewe aliitwa arekodi sauti upya.