Neema ya Kusikia: Kutoka Njia ya Misafara hadi Mkeka wa Nikahi



Katika Surat An-Nahl tunakumbushwa kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui kitu, tukapewa kusikia, kuona na nyoyo. Kusikia kumetajwa kwanza. Leo tuifuate historia ya neema hiyo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, maana wengi wetu visiwani tuna asili ya Unyamwezi.

Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Tabora wakakirimiwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Machi 1858 Speke alikuwa amelala kisiwani katika Ziwa Tanganyika, mdudu akamwingia sikioni. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akamchokoa kwa kisu kidogo. Mdudu alikufa, lakini sikio lilitunga usaha na likaziba kwa miezi mingi. Tiba ya sikio njiani ilikuwa hiyo: kisu na subira.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilifungua Tabora shule ya kwanza ya watoto viziwi nchini. Haikuwapa usikivu, ila iliwapa lugha na elimu. Tusilidharau hilo.

Wakati huo huo, kwingine duniani, watu walikuwa wakitafuta namna ya kuufikia mshipa wa kusikia wenyewe. Mjini Vienna, Austria, mhandisi Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin walitengeneza kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio, na Desemba 1977 daktari Kurt Burian akakipandikiza kwa mgonjwa. Mwaka 1979 Ingeborg akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu chake. Mke na mume hao ndio waanzilishi wa kampuni ya MED-EL ya Innsbruck. Kule Australia, Graeme Clark alipandikiza kifaa chake mwaka 1978, na kazi yake ikazaa kampuni ya Cochlear.

Kifaa hiki si kile cha kukuza sauti tu. Sehemu ya nje, nyuma ya sikio, inanasa sauti na kuipeleka kwa sehemu iliyo chini ya ngozi. Hiyo nayo inapitisha umeme mdogo hadi kwenye mshipa wa kusikia. Sehemu ya nje hushikwa kwa sumaku, kwa hiyo huvuliwa wakati wa udhu na josho, kisha hurudishwa chini ya mtandio.

Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Lakini mfikirie mama wa Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa Tabora, katika nchi ya miombo na asali. Kwake Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800, njia ile ile ya misafara kurudi pwani. Na safari si moja: baada ya upasuaji kifaa hurekebishwa mara kwa mara, na mtoto hufundishwa kusikia na kusema. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hunufaika zaidi akiwahiwa mdogo, kabla umri wa kujifunza lugha haujampita. Basi mtoto wako asiposhtuka kwa kelele wala kugeukia sauti yako, usisubiri. Mpeleke akapimwe.

Neno la mwisho ni kwa maharusi na mama zao. Tumefundishwa kuwa idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Lakini aliyenyamaza kwa sababu hakusikia alichoulizwa hajaidhinisha kitu. Wanavyuoni wamekubali ishara ya bubu inayofahamika katika ndoa. Kwa hiyo binti kiziwi, mwenye kifaa au asiye nacho, aulizwe kwa lugha anayoielewa, jina la mposaji na mahari yake avijue, na jibu lake lisubiriwe. Asiyejua alama amlete anayejua. Haki hiyo haingoji upasuaji wala nauli ya kwenda Muhimbili.

Allah atuhifadhie masikio yetu, na atujaalie kuwasikiliza wasiosikia. Amin.