Shamba moja la karafuu, milango minne ya mahakama

MKARAFUU mmoja katika shehia ya Wambaa, Wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba, unaweza kuzaa kesi nne katika vyombo vinne tofauti vya sheria, na mwenye mti asijue aanzie wapi.

Ndugu wakigombania urithi wake, shauri ni la Kadhi. Jirani akisogeza mpaka hadi chini ya matawi yake, ni la Mahakama ya Ardhi. Mtu akiuchuma usiku bila ya idhini, ni la jinai. Na fedha za mavuno zikifungua duka, mzozo wa kodi ya duka hilo una njia yake peke yake.

Tatu kati ya njia hizo huweza kufika Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambayo kwa upande wa Pemba huketi Chake Chake. Kinachotofautiana ni kile kinachofuata baada ya hapo. Baadhi ya mashauri hukomea katika mahakama hiyo, na mengine huweza kuendelea hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Kwa mkulima, tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Anayekosea mlango huweza kutumia misimu kadhaa ya mavuno akihudhuria kesi, kisha akaambiwa kwamba mahakama aliyoiendea haina mamlaka, na aanze upya.

Mahakama isiyo ya Muungano

Mahakama Kuu ya Zanzibar imewekwa na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 93. Si tawi la Mahakama Kuu ya Tanzania, ambayo mamlaka yake ni ya Tanzania Bara. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 nayo inaitambua Mahakama Kuu ya Zanzibar kuwa inaendelea na mamlaka yake.

Chini yake ziko Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Mkoa, ambazo muundo wake uliwekwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu namba 6 ya mwaka 1985. Kwa mkaazi wa Wambaa, ngazi hizo humtoa kijijini hadi mji wa bandari wa Mkoani, kisha Chake Chake, makao makuu ya Mkoa wa Kusini Pemba.

Juu yake iko Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chombo cha Muungano kilichoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hiyo ndiyo mahakama ya pekee ambamo mashauri ya Bara na ya Visiwani hukutana.

Kutoka Bombay hadi Vuga

Ulikuwapo wakati ambapo rufaa za Zanzibar zilivuka bahari kubwa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, mashauri yaliyoamuliwa na mahakama ya Waingereza Zanzibar yalikatiwa rufaa katika Mahakama Kuu ya Bombay, India.

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na kwa mambo mengi ya mahakama ilihesabiwa kama kwamba ni wilaya mojawapo ya jimbo la Bombay. Sheria za India za mikataba, ushahidi na adhabu zilitumika Visiwani, na athari yake ilibaki muda mrefu baada ya rufaa kuhamishiwa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20.

Athari hiyo iligusa hata wakfu. Mwaka 1894, Baraza la Mfalme mjini London, likiamua rufaa iliyotoka Bengal, lilibatilisha wakfu uliowekwa kwa manufaa ya kizazi cha aliyeuweka, kwa hoja kwamba fungu la masikini lilikuwa la mbali mno. Waislamu wa India walilalamika, na sheria ya mwaka 1913 ikaurejesha wakfu wa aina hiyo nchini mwao.

Hata hivyo, katika shauri la Bakhshuwen lililotoka Mombasa, Baraza hilo hilo liliifuata tena hukumu ya 1894 katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1952. Hivyo uamuzi uliokwisha kurekebishwa India uliendelea kuwabana watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii.

Mjini Unguja, Mahakama Kuu ilikaa kwa miongo mingi katika jengo la Vuga, lililochorwa na John Sinclair na kukamilika mwaka 1908. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, mfumo ulibadilika. Mwaka 1970 zilianza kazi Mahakama za Wananchi, ambazo wajumbe wake hawakuwa wanasheria na ambamo mawakili hawakuruhusiwa. Katiba ya 1984 na sheria za 1985 ndizo zilizorejesha mfumo unaofahamika leo.

Ardhi ni moja, miti ni mingine

Mgogoro wa kwanza wa shamba ni wa ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi, ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na familia nyingi ziligaiwa eka tatu tatu. Mgao huo ulimpa mtu haki ya kulima na kuvuna, si uhuru wa kuuza.

Sheria ya Umilikaji wa Ardhi namba 12 ya mwaka 1992 iliendeleza msingi kwamba ardhi ni ya umma na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Sheria hiyo pia ilitambua jambo ambalo Wapemba walilijua kabla ya kuandikwa: miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kesi ya kiwanja na bado asiwe na ruhusa ya kugusa mikarafuu iliyomo. Anayenunua shamba bila ya kuuliza miti ni ya nani hununua ugomvi.

Migogoro ya aina hiyo hupelekwa katika Mahakama ya Ardhi, iliyotokana na Sheria ya Baraza la Ardhi namba 7 ya mwaka 1994, na rufaa zake husikilizwa na Mahakama Kuu. Kabla ya kufika huko, mengi huanzia kwa sheha, ambaye anawajua wazee walioshuhudia mipaka ikiwekwa. Suluhu ya sheha husaidia sana, lakini haina nguvu ya hukumu.

Urithi humalizikia Zanzibar

Mgogoro wa pili ni wa urithi. Kwa Waislamu, mirathi, wasia, wakfu, ndoa na talaka ni mambo ya Mahakama ya Kadhi. Sheria iliyokuwa ikiziongoza mahakama hizo tangu 1985 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Mahakama ya Kadhi namba 9 ya mwaka 2017.

Asiyeridhika hukata rufaa ndani ya mfumo wa Kadhi, na hatimaye Mahakama Kuu. Hapo ndipo mwisho. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kinaizuia Mahakama ya Rufani ya Tanzania kusikiliza masuala ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahakama ya Kadhi. Kifungu hicho hicho kimeweka kando pia tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Maana yake ni kwamba kosa lililofanyika katika ngazi ya chini ya shauri la mirathi halina nafasi nyingi za kurekebishwa. Binti aliyeachwa nje ya orodha ya warithi anapaswa kusema mapema, kabla mgao haujathibitishwa.

Tatizo jengine hutokea pale ndugu wanapokubaliana kuhusu mafungu lakini mtu wa nje akadai kwamba shamba halikuwa la marehemu. Kadhi hugawa kilicho cha marehemu. Swali la kama shamba lilikuwa lake huweza kuhitaji kuamuliwa kwanza na chombo cha ardhi.

Mwizi au mrithi?

Mgogoro wa tatu ni wa jinai. Wizi wa karafuu ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, ambayo toleo lake la sasa ni Sheria namba 6 ya mwaka 2018. Magendo ya karafuu nayo yana uzito wa pekee kwa mkoa ambao upande wake wa magharibi unakabili mkondo wa Pemba, na ng'ambo yake pwani ya Tanga.

Kwa muda mrefu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ndilo lililopewa mamlaka ya kununua karafuu za wakulima. Bei ilipokuwa ndogo, magunia yalivushwa kwa mashua usiku. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei kwa kiwango kikubwa ili kuyapunguzia magendo mvuto wake, na mwaka 2014 ikatungwa Sheria ya Maendeleo ya Karafuu.

Kesi za jinai husimamiwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, iliyotokana na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2002. Makosa ya kawaida husikilizwa na mahakama za mahakimu, na kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa makosa ya udhalilishaji, mahakama maalum zilianzishwa mwaka 2021.

Katika jinai, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa bila ya kuacha shaka ya msingi. Katika madai, hushinda yule ambaye ushahidi wake una uzito zaidi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea.

Uchukuliwe mfano wa ndugu wawili ambao baba yao amefariki na mirathi haijagawiwa. Mmoja anachuma, mwingine anapiga ripoti polisi kwamba ameibiwa. Mshitakiwa akiiambia mahakama kwamba alichuma kwa kuamini kwa dhati kuwa ana haki katika shamba hilo, shitaka la wizi huwa gumu kusimama, kwani wizi huhitaji nia ya wizi.

Kesi hiyo inapofutwa, aliyeshitaki hudhani mahakama imempa mwenzake shamba. Sivyo. Mahakama haikuamua shamba ni la nani, bali imesema tu kwamba wizi haukuthibitika. Dawa ya ugomvi huo tangu mwanzo ilikuwa kwa Kadhi, na karafuu huwa zimekwisha kuuzwa.

Uhaini na mipaka ya mamlaka

Kesi moja ya jinai ilionesha jinsi uamuzi wa mahakama unavyoweza kugusa hadhi ya Visiwa vyenyewe. Ni ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, wafuasi wa chama cha CUF, walioshitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar.

Novemba 2000, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali hiyo, kwa kuwa Zanzibar si dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Washitakiwa walikuwa wamekaa rumande kwa takriban miaka mitatu.

Mjadala haukuishia mahakamani. Mwaka 2010, mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar yaliitaja Zanzibar kuwa ni nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Kodi ya nani?

Mgogoro wa nne ni wa kodi, na swali lake la kwanza ni kodi hiyo ni ya nani. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Kodi ya ongezeko la thamani ya Zanzibar, iliyowekwa na sheria namba 4 ya mwaka 1998, na kodi nyengine zisizo za Muungano zilikuwa chini ya Bodi ya Mapato Zanzibar, ZRB, ambayo mwaka 2022 iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA.

Mwenye duka Wambaa anaweza hivyo kudaiwa na mamlaka mbili kwa biashara moja, kila moja kwa sheria yake. Malalamiko ya kutozwa mara mbili kwa bidhaa zinazovuka kati ya Bara na Visiwani yamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa yale yaitwayo kero za Muungano.

Asiyekubaliana na makadirio huanza kwa kupeleka pingamizi kwa mamlaka iliyoyatoa. Kwa kodi zinazosimamiwa na TRA, ngazi zinazofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Njia hiyo haipiti Mahakama Kuu. Katika rufaa namba 93 ya mwaka 2009, kati ya TRA na New Musoma Textiles, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba migogoro ya kodi ipelekwe kwanza katika vyombo hivyo badala ya mahakama za kawaida.

Siku 30

Aliyeshindwa Mahakama Kuu na ambaye shauri lake linaruhusiwa kuendelea hana muda wa kungoja msimu upite. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinataka taarifa ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri ziombwe mara moja, kwa maandishi.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi Chake Chake, na Sheria ya Msaada wa Kisheria namba 13 ya mwaka 2018 imewatambua wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi katika jamii.

Swali la kumuuliza msaidizi huyo si "nitashinda?" La kwanza ni "mlango wangu ni upi?" Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika kesi za shamba, safari ya tezi na omo hulipiwa nauli ya kila tarehe ya kesi, na karafuu zikishaiva hazimngoji hakimu.