Mfumo Nilioutoroka kwa Sababu ya Modemu

Mwaka 2000 binamu yangu alirejea Dar es Salaam kutoka Uingereza, na miongoni mwa zawadi akaniletea gazeti la kompyuta lililobandikwa diski juu ya jalada. Zawadi nyingine nimezisahau. Ndani ya diski ile mlikuwa na BeOS, toleo la tano, lililotolewa bure mwaka huohuo kwa mtumiaji wa nyumbani. Halikudai kufuta kitu. Lilijilaza ndani ya Windows kama faili moja kubwa, na ukiliita linaamka na kuishika mashine yote. Mimi niliyezoea kuwasha kompyuta kisha kwenda kuchemsha chai, nilistaajabu kuikuta tayari kabla sijainuka kitini. Nikafungua video tatu kwa mpigo. Zote zikacheza bila kukwama, katika mashine ileile niliyokuwa nikiitukana kila siku kwa uzembe!

Kampuni ya Be ilianzishwa na Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Apple hadi 1990. Hoja yake ilikuwa kwamba mifumo ya kuendeshea kompyuta imebeba mizigo mingi ya zamani, basi heri kuanza upya. Mwaka 1995 ikatoka BeBox, kompyuta yenye prosesa mbili wakati za nyumbani zilikuwa na moja, na usoni mwake safu mbili za taa zilizopanda na kushuka kadiri kila prosesa ilivyotoka jasho. (Sijapata kuiona BeBox kwa macho yangu, na bado naitamani.)

Mwaka 1996 Apple, ambayo mfumo wake ulikuwa umezeeka, ilitafuta wa kununua, na wengi walidhani ingeichukua Be. Bei haikuafikiwa. Mwezi wa Desemba ikaichagua NeXT ya Steve Jobs. Watu hupenda kusema Gassée aliponzwa na tamaa. Mimi siafiki sana, kwani mfumo wake ulikuwa bado mchanga na wa Jobs ulikwishakomaa. Mwaka 2001 Palm ikainunua mali ya Be kwa dola milioni 11.

Be ilikwenda mahakamani mwaka 2002 kuishtaki Microsoft, ikidai kwamba mikataba yake na watengenezaji wa kompyuta iliwafungia wengine mlango. Mwaka 2003 wakapatana kwa dola milioni 23.25, pasipo Microsoft kukiri kosa. Hayo ni ya wakubwa. Lakini mimi sikuuacha BeOS kwa ajili ya mikataba, niliuacha kwa ajili ya modemu. Yangu ilikuwa ya bei rahisi, ambayo nusu ya kazi yake ilifanywa na programu iliyoandikwa kwa Windows pekee. Kila nilipotaka kutuma barua pepe ilinibidi nizime, nirudi Windows, nitume, nizime tena. Nilivumilia kama miezi miwili. Sikukata shauri la kuuacha. Ila jioni moja niling'amua kwamba wiki kadhaa zimepita sijaufungua, wala sikuwa nimeukumbuka.

Wapo waliokuwa waaminifu kuliko mimi. Mwaka huohuo wa 2001 watu wa kujitolea walianza kuuandika upya bila malipo, na tangu 2004 kazi yao inaitwa Haiku. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka 2009. Mwaka 2024 walikuwa wakitoa la tano la daraja la beta. Katika miaka hiyo yote swali lenyewe la mfumo gani liliwaponyoka, kwa maana watu walihamia kwenye simu. Na ajabu ni kwamba mafundi wa Be walihamia pia. Dominic Giampaolo, aliyesaidia kubuni namna BeOS ilivyotunza na kutafuta faili, alikwenda kuifanya kazi hiyo Apple. Dianne Hackborn alikuja kuwa mmoja wa wajenzi wa Android, ambayo leo imo katika mikono ya abiria wa daladala yoyote utakayopanda.

Nimeiweka Haiku katika kompyuta kuukuu ya mapajani. Iliwaka upesi kama zamani, na mtandao usio na waya ikaunasa mara moja, bila kuniuliza neno. Nikakaa mbele yake nikitafuta kazi ya kuipa. Simu ikalia, alikuwa binti yangu, kanitumia picha za wajukuu, nami nikazitazama hukohuko kwenye simu.