Ukawiaji

Apigaye kinanda kilichoungwa na tarakilishi, ambamo sauti ya udi au ganuni haitoki katika nyuzi bali hufanyizwa na programu, hukutana na muda mfupi baina ya kidole kubonyeza na sikio kusikia. Na muda huo, ambao wengi huuita uchelewaji, naona unastahili kuitwa ukawiaji, maana kuchelewa ni kuupita wakati wa miadi, ilhali kukawia ni kuchukua muda tu, nayo sauti hii haikumwahidi mtu saa.

Hukawia wapi? Tarakilishi, ikitoa sampuli 48,000 kila sekunde, huzikusanya kwanza katika akiba: ya sampuli 256 ni milisekunde 5.3 hivi, ya 1,024 ni zaidi ya 21, ambazo mpigaji stadi hakika atazihisi vidoleni. Akiba ikipunguzwa mno, tarakilishi hushindwa kuijaza kwa wakati, na sauti hukwaruza. Kiasi cha kuipunguza bila mkwaruzo hutegemea sana draiva, yaani programu iunganishayo tarakilishi na kifaa cha sauti, kile kigeuzacho namba zake kuwa mawimbi. Kwa hiyo ubora wa kifaa hicho, katika jambo hili, hutokana zaidi na draiva yake kuliko wingi wa matundu au fahari ya sanduku.

Basi, ewe mnunuzi, usiridhike na ukubwa wa akiba peke yake, kwa kuwa hauhesabu kazi ya kugeuza namba kuwa mawimbi. Taka kipimo cha ukawiaji wa kutoka, kwani ala hizi hazipitishi sauti ya kuingia, na kwa akiba ya sampuli 128 kikizidi milisekunde 10, tafuta kifaa kingine.