Nyumba ya Mtu, Kiwanja cha Mwingine: Ng'ambo ya Unguja na Riziki ya Mtaa

Anayetaka kujua mji wa Unguja umepataje riziki yake asianze na majumba ya mawe. Aanze na majina ya mitaa. Avuke Darajani, aingie Ng'ambo, asikilize: Mchangani, Vikokotoni, Miembeni, Kisimamajongoo, Gulioni. Majina haya hayakutungwa na ofisi wala hayakutoka kwenye ramani ya mhandisi. Yalitoka vinywani mwa watu waliokanyaga mchanga na vikokoto, waliopumzika chini ya miembe, waliochota maji kisimani na waliokutana kuuziana walichonacho. Gulioni ni pahala pa gulio. Jina lenyewe lashuhudia kuwa biashara ndogo haikuletwa Ng'ambo na mpango wa maendeleo: ilikuwapo tangu mtaa ulipoanza kuitwa mtaa.

Neno Ng'ambo nalo lina historia yake. Mkono wa bahari uliingia nyuma ya rasi ya Shangani, ukautenga mji wa mawe na bara la kisiwa. Daraja likaunganisha pande mbili, na pahala hapo pakaitwa Darajani hata leo. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo hadi miaka ya 1950. Daraja limekwisha, maji yamekwisha, lakini majina yamebaki, na pamoja nayo imebaki dhana ya kuwa kuna mji na kuna ng'ambo ya mji. Marikiti Kuu, iliyojengwa mwaka 1904, ilisimama mpakani hapo, nayo ikawa mlango ambao watu wa pande mbili walikutana kwa haja zao: huku mnunuzi, kule mchuuzi.

Baada ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, Ng'ambo ilizidi kupanuka. Walikuja waliokuwa watumwa mashambani na majumbani, walikuja watu wa bara na wa visiwa jirani, mabaharia, wachukuzi, mafundi, wapishi na wafuaji wa nguo. Aliyekuja hakuwa na mali, ila aliweza kujenga nyumba: miti, udongo, makuti, na mikono ya jamaa na majirani. Nyumba hiyo ikawa yake kwelikweli. Aliweza kuiuza, kuirithisha, kupangisha chumba kimoja na kulala katika kingine. Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, na kwa mwanamke ambaye jana yake alikuwa mali ya mtu, kumiliki mlango wake na ufunguo wake lilikuwa jambo lisilopimika kwa fedha.

Tena nyumba ya Ng'ambo haikuwa ya kulala tu. Mbele yake palikuwa na baraza, na baraza ilikuwa kikao, duka na karakana kwa wakati mmoja. Hapo fundi cherehani alishona, mshona kofia alitoboa vitobo vyake, mama aliweka sinia la vitumbua asubuhi na mikate ya ufuta jioni, na muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake kuwaita wateja. Mtaji haukutoka benki. Ulitoka katika upatu, ambao wanawake waliuchezea kwa zamu, kila mmoja akichanga na kila mmoja akipokea. Na ulitoka katika daftari la mwenye duka, aliyewakopesha majirani sukari na mafuta ya taa kwa kuwa aliwajua wao na wazee wao. Dhamana ilikuwa ni kujuana. Na kujuana hakuwezekani ila kwa watu waliokaa pamoja, kwa muda, pahala pamoja.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Nyumba ilikuwa ya mwenye nyumba, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine. Ardhi ya Ng'ambo ilikuwa mikononi mwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi. Nyingine ilikuwa wakfu, nyingine ya Serikali. Zamani mwenye ardhi hakudai fedha kwa aliyejenga kwake. Alitaka heshima, wafuasi, na watu wa kumwita bwana. Mambo yalibadilika kadiri mji ulivyokua na ardhi ilivyopata bei. Heshima ikageuzwa kodi, na katika miaka ya 1920 kodi ya kiwanja ikapandishwa, ikapandishwa tena. Asiyelipa alitakiwa aondoke, na kuondoka maana yake ni kuibomoa nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, kwa sababu makuti na miti vyaweza kuhamishwa, lakini baraza, wateja na daftari la deni havihamishiki.

Kwa mchuuzi, kodi ile haikuwa gharama ya makazi tu. Ilikuwa kodi juu ya sinia la vitumbua, juu ya cherehani, juu ya chumba cha mpangaji. Kila faida iliyopatikana barazani iliweza kufuatwa na mwenye kiwanja na kuchukuliwa. Mtu alipoutengeneza mtaa wake, akafagia, akachimba kisima, akavuta watu waje kununua, alikuwa akiipandisha bei ardhi isiyo yake, na hatimaye kuipandisha kodi ya kumwondoa yeye mwenyewe. Ujanja wa hesabu hii haukuwapita watu wa Ng'ambo.

Mwaka 1928 walikataa kulipa. Mgomo ulienea mtaa kwa mtaa. Ulizungumzwa mabarazani na misikitini, wakashiriki wanaume na wanawake, Waswahili wa asili na wageni wa bara. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kujibu: mwenye kiwanja hakujenga kitu, basi analipwa kwa kazi gani? Serikali ya kikoloni, iliyozoea kuwaona watu hao kama kundi la wachukuzi na madobi, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Haikuwa ushindi kamili, maana ardhi haikubadili mwenyewe. Lakini mtu aliweza tena kuhesabu kesho yake.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad alisafiri na wenzake hadi Bombay kutia sauti zao katika santuri. Si bure kuyataja mawili haya pamoja. Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya watu wa chini, na Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, aeleza jinsi binti huyo alivyouza vyungu akitembea na kunadi bidhaa yake. Sauti iliyokuja kusikika katika santuri pwani nzima ilifunzwa kwanza na uchuuzi. Alipokuwa mashuhuri aliishi Ng'ambo, miongoni mwa watu wale wale wa mabaraza na sinia. Mtaa uliomlea mshairi na mwimbaji ndio uliomlea muuza kahawa. Aliyeuvunja mmoja asingeweza kuubakisha mwingine.

Wapangaji wa miji nao walikuja na nia zao. Mwaka 1923, Mwingereza H. V. Lanchester alitoa ripoti ya kuupanga mji wa Unguja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chini ya Eric Dutton aliyekuwa Katibu Mkuu wa Serikali, ukaanzishwa mpango wa miaka kumi, na Ng'ambo ikapata jumba la mikutano Raha Leo. Jina lilikuwa zuri, na ukumbi ulikuwa na kazi yake. Lakini mipango ile ilimtazama mtu wa Ng'ambo kama mkaaji wa kibanda kinachohitaji kunyooshwa. Haikumtazama kama mwenye kazi, na haikuuliza ni baraza ngapi zitapotea njia ikipanuliwa.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalilijibu suala la 1928 kwa mkato mmoja: ardhi ikawa mali ya Serikali, na kodi ya kiwanja kwa tajiri ikafa. Hilo ni jambo kubwa, na wazee wa Ng'ambo walilijua kuwa ni kubwa. Kisha, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ukachorwa mwaka 1968 mpango wa mji mpya, na majumba marefu ya Michenzani yakaanza kuinuka, yakikutana kama msalaba katikati ya Ng'ambo. Watu walijitolea kujenga, na familia nyingi zilipata kwa mara ya kwanza maji ya bomba na sakafu ya saruji. Lakini nyumba nyingi za zamani zilibomolewa kuyapisha, na ghorofa ya tano haina baraza. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Na wakaazi wa Michenzani walishuka kweli, wakaweka meza, magenge na vibao vya kukalia chini ya majumba yao, wakaurudisha mtaa pale mchoro ulipousahau.

Biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya foleni na uhaba, mitaa ya Darajani, Mchangani na Mlandege ilijaa maduka kwa muda mfupi sana. Hakuna aliyewafundisha watu kufungua duka. Ujuzi ulikuwa umelala tu, ukingoja mlango.

Wakati huohuo macho ya dunia yalielekea upande wa pili. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ng'ambo, ambayo ndiyo makazi ya walio wengi, ilionekana kama ukingo wa johari tu. Ilichukua muda hadi mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, katika muongo wa 2010, kuwauliza wenyeji wenyewe vitu gani katika mitaa yao ni urithi. Na mwaka 2019 ukachapishwa mkusanyiko wa ramani na maelezo ya Ng'ambo. Wenyeji hawakutaja majengo peke yake. Kwao urithi ni pamoja na mabaraza, viwanja vya mpira, kumbi za taarabu na pahala pa kununulia chakula cha jioni.

Neno “tuitakayo” ni zuri, kwa kuwa lina nafsi ndani yake: sisi. Lakini historia ya karne nzima yafundisha kuwa nafsi hiyo haitoshi isipokuwa na haki ya kubaki. Leo bei ya ardhi mjini Unguja yapanda tena, safari hii kwa utalii na majumba ya biashara, na swali la mwaka 1928 limerudi likiwa na nguo mpya. Mkopo kwa mchuuzi ni jambo jema, taa za barabarani ni jambo jema, na mifereji ya maji ya mvua ni jambo jema zaidi. Lakini kabla ya yote hayo pana swali moja ambalo kila anayetaka kuustawisha mtaa hana budi kulijibu: mtaa ukishapendeza, nani ana uwezo wa kumwambia mama mwenye sinia aondoke?

Waliokataa kulipa kodi ya kiwanja hawakuomba kufadhiliwa. Walitaka pahala pa kusimama pasipoondoshwa chini ya miguu yao; mengine yote, kuanzia kahawa hadi taarabu, waliyafanya wenyewe.