Mji wa Braunstein

Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, Marekani, David Wesely aliwaandalia wenziwe mchezo wa vita wa mezani. Alibuni mji wa Kijerumani, Braunstein, akampa kila mchezaji nafsi yake: huyu meya, yule mwenye benki. Majeshi hayakuwahi kupambana. Wachezaji walijitenga pembeni wakinong'onezana na kulaghaiana, hata wawili wakaitana kupigana. Wesely aliona jaribio limemharibikia. Wenziwe wakaomba jingine. (Mara nyingi mbuni huujua mchezo wake midomoni mwa wachezaji, si karatasini.)

Mmoja wao, Dave Arneson, alianzisha mwaka 1971 nchi ya kubuni, Blackmoor, akirekebisha kanuni kadiri walivyocheza. Mwaka 1972 alimchezesha Gary Gygax kule Lake Geneva, Wisconsin. Gygax akaandika kanuni, akazijaribu kwa wanawe. Dungeons & Dragons ikatoka mwaka 1974, nakala 1,000, vijitabu 3 ndani ya kasha lenye majina yao wawili.

Vitabu vya Advanced vilivyofuata vilibeba jina la Gygax peke yake. Basi mtunzi ni nani, aliyechezesha au aliyeandika? Arneson alilipeleka dai lake mahakamani mwaka 1979. Likamalizwa kwa mapatano mwaka 1981, bila hukumu.